Nyuma ya Pazia: Barua zenu kuhusu Mwigo

Kwa mnaojiunga nasi leo: Mwigo ni roboti wa jukwaani niliyemtunga mwenyewe, anayetembea na kikundi cha wasanii na kuigiza watu. Hubadili uso, kimo na sauti mbele ya watazamaji. Hayupo duniani. Nalisema hilo mapema kwa sababu barua mbili zimeuliza anauzwa wapi. Hadithi imefika sehemu ya 11, droo yangu haifungi tena kwa barua, na mhariri amenipa kurasa hizi nizipunguze barua hizo.

Na kwa msionijua: kabla ya kuandika, nilikuwa sauti. Kwa miaka 22 nimeigiza michezo ya redio na kuwasemea vikaragosi. Nimekuwa bibi kizee, mtoto, mbuzi, hata mlango unaolia. Kwa hiyo msinitegemee kwa mota na nyaya. Koo ndilo ninalolijua.

*Shikamoo bibi. Nina miaka 11. Mwigo anabadilishaje uso upesi hivyo, na ule wa zamani unakwenda wapi? Swali la pili: akiwa peke yake, ana uso gani?*

Marahaba mjukuu wangu. La pili nitakujibu mwisho kabisa, na usiruke kurasa.

Uso wa zamani hauendi popote kwa sababu haukuwapo. Kichwa cha Mwigo ni kinyago cheupe, chembamba, kinachopitisha mwanga kama ganda la yai ukilisogeza kwenye taa. Ndani, karibu na shingo, ipo projekta ndogo inayorusha picha ya uso kwenye kinyago kwa upande wa ndani. Macho, kope, makunyanzi, ndevu, vyote ni mwanga. Ukibadili picha umebadili mtu, na kazi hiyo inakwisha kabla wewe hujamaliza kupepesa jicho.

Hili sikulibuni mimi. Mwaka 1969, Disneyland ya Marekani ilifungua jumba la mizimu lenye kichwa cha mwanamke kinachosema ndani ya tufe la kioo. Kichwa chenyewe kilikuwa kimetulia tuli. Kilichotikisika ni filamu ya uso wa mwigizaji iliyorushwa juu yake. Siku hizi ipo roboti iitwayo Furhat, iliyoanzia kwa watafiti wa chuo kikuu cha KTH, Stockholm. Uso wake unarushwa kutoka ndani, na inaweza kuwa mzee sasa hivi, kisha ikawa binti kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Sasa nikuonyeshe ninapodanganya: pua. Mwanga unaweza kuchora jicho popote unapotaka, lakini pua imetokeza, na kinyago kimoja kina pua moja. (Furhat wanabadilisha kinyago chenyewe, lakini hiyo ni kazi ya mikono, huwezi kuifanya katikati ya onyesho.) Nilitaka kuliona tatizo hili kwa macho yangu, nikatengeneza kichwa mezani kwa karatasi na gundi, tabaka sita, nikakitoboa kisogoni, nikaingiza tochi na picha ya bibi iliyochapwa kwenye plastiki angavu. Kwa mbele nilishtuka, bibi alinitazama. Nikasogea pembeni hatua mbili, bibi akapata pua ya bondia, na jicho lake la kushoto likamwagikia sikioni. Rudi kwenye sehemu ya tatu uangalie vizuri: Mwigo akiwa mtoto hageuki ubavu hata mara moja. Na taa za jukwaa huwa zimefifia, maana uso wa mwanga ukiutoa juani unafutika.

Kimo ni rahisi zaidi. Miguu yake ni mirija inayoingiana kama fimbo ya mwavuli wa kukunja, na mabegani na tumboni kuna mifuko ya hewa. Nguo anavalishwa na msaidizi, kama mwigizaji mwingine yeyote.

*Ndugu mwandishi, mimi ni fundi mitambo wa studio. Sehemu ya tano umetumia ukurasa mzima Mwigo akihangaika kupata sauti ya mtoto. Kupandisha sauti ni kubonyeza kitufe kimoja. Mbona unakuza jambo dogo?*

Ndugu fundi, kibonyeze kitufe chako halafu usikilize ukiwa umefumba macho.

Ukiharakisha rekodi yote, utapata sauti ya katuni. Ukitumia kitufe cha kisasa kinachopandisha mitetemo peke yake, utapata mtu mzima anayebanwa koo. Nyuzi za sauti za mwanamume hutetema kama mara 120 kwa sekunde, za mwanamke kama mara 200, za mtoto mdogo 300 na zaidi. Hiyo ndiyo nusu ya kazi ambayo kitufe chako kinaijua. Nusu nyingine ni njia ya sauti yenyewe, kutoka kooni hadi midomoni. Kwa mwanamume ni kama sentimita 17; kwa mtoto wa miaka mitano ni kama 11 au 12. Njia hiyo ndiyo inayoipa irabu rangi yake. Kinachotutambulisha mtoto hata tukiwa chumba cha pili ni udogo wa chombo anachosemea. Wembamba wa sauti ni sehemu tu. Hata akisema kwa sauti nzito ya kukasirika, bado tunajua ni mtoto.

Mimi siwezi kulikata koo langu liwe fupi. Kwa hiyo tulifundishwa hila. Weka kidole kwenye kikoromeo umeze mate, unakisikia kinavyopanda? Kizuie hukohuko juu, tabasamu, sogeza ulimi mbele, sema "mama". Sasa kishushe kama unayetaka kupiga miayo, chongoa midomo, sema tena "mama". Hao ni watu wawili, na hukugusa kitufe. Midomo ikitanuka njia inafupika, ikichongoka njia inarefuka.

Hata hapo bado hujapata mtoto. Kilichonichukua miaka ni pumzi. Mtu mzima huvuta hewa sentensi inapokatika, mtoto huvuta inapomwishia. "Mama nimeo—" anavuta, "—na paka." Siku moja mtayarishaji wetu alinirudisha mara 14 kwa sentensi ya namna hiyo. Kila mara nilivuta pumzi mahali pa heshima, na kila mara aligonga kioo kwa kalamu. Mara ya 15 nilikuwa nimechoka kiasi kwamba hewa iliniisha kweli, na hiyo ndiyo iliyopita hewani.

Wenzetu wa zamani walipata tabu na jambo hili kwa mikono mitupu. Wolfgang von Kempelen alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1791 mashine yenye mvukuto badala ya mapafu, ulimi wa zumari badala ya nyuzi za sauti, na mdomo laini alioubana na kuuachia kwa kiganja. Ilisema, lakini kwa sauti kama ya mtoto. Mwaka 1846 Joseph Faber alionyesha London mashine iliyoitwa Euphonia, yenye uso wa mwanamke kwa mbele, vibonye kama vya kinanda, na mvukuto wa kukanyaga kwa mguu. Iliweza hata kunong'ona. Hapo ndipo ninapomvulia kofia, maana kunong'ona ni sauti isiyo na mtetemo wa nyuzi hata kidogo, na mtu aliyefikiria kuuzima huo mtetemo ameielewa sauti. Kisha mwaka 1939, kwenye maonyesho ya New York, kampuni ya Bell ilileta Voder: mwendeshaji mwanamke ameketi, vidole juu ya vibonye, kifundo cha mkono kinachagua kati ya mlio na mvumo, mguu unapandisha na kushusha sauti. Kuizoea kulichukua karibu mwaka. Mwaka mzima, ndugu yangu, ili mashine iseme sentensi yenye uhai ndani yake.

Mwigo lazima ahangaike. Asipohangaika nitakuwa nimeandika hadithi ya kitufe.

*Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Sehemu ya pili umeandika "roboti huyu aliinama", sehemu ya sita "roboti hii ilianguka". Wanafunzi wananiuliza lipi sahihi nami sina jibu. Utatuharibia lugha.*

Mwalimu, barua yako nimeisubiri tangu mwanzo, na nilianza kudhani hakuna anayesoma kwa makini.

Ni makusudi. Mwigo akiwa amewashwa na ana uso, naandika "huyu", "aliinama", "alicheka". Akizimwa ni "hii". Katika sehemu ya sita alikuwa ndani ya sanduku, amezimwa, sanduku likadondoka kutoka kwenye gari. Kilichoanguka pale ni mzigo. Wahusika wengine nao uwasikilize: meneja wa kikundi hajawahi kusema "huyu" hata mara moja, na yule binti wa taa hajawahi kusema "hii". Ila sehemu ya tisa, ukurasa wa pili, kuna "iliniambia" mahali ambapo Mwigo amesimama na macho yake wazi. Hilo ni kosa, tena langu, mpiga chapa hana hatia.

Nikupe na zawadi ya kuwapelekea wanafunzi. Neno "roboti" lilianzia katika mchezo wa Karel Čapek, Mcheki, wa mwaka 1920, likitokana na neno la Kicheki la kazi ya kulazimishwa. Kicheki nacho hutenganisha vyenye uhai na visivyo na uhai, na wingi wa neno hilo una njia mbili: "roboty" ukiwachukulia kama vitu, na "roboti" ukiwachukulia kama viumbe hai. Čapek alichagua la pili. Sisi tumeongeza irabu mwishoni kama kawaida yetu, na bila kukusudia tukaangukia kwenye umbo lilelile la wenye uhai.

Halafu "yeye" yetu haina mke wala mume. Nimeandika sehemu 11 bila kulazimika kuamua.

*Je, kitu kama hicho hakitatisha watoto?*

Kinaweza. Mwaka 1970 Masahiro Mori, profesa wa Kijapani, aliandika kwamba kadiri kitu kinavyokaribia kufanana na mtu ndivyo tunavyokipenda, mpaka kinafika mahali kinafanana sana lakini bado kidogo, na hapo moyo unakikataa. Mfano wake ulionikaa ni mkono wa bandia: unauona kama wa kweli, unaushika, unakuta ni baridi na hauna mifupa. Ndiyo maana Mwigo huvaa glavu na hamsalimu mtu kwa mkono.

*Kabla ya kila badiliko Mwigo anasema "Nitazame". Nimehesabu, mara 37. Inachosha.*

Umehesabu vizuri kuliko mhariri.

Kwanza jibu la kiufundi ndani ya hadithi: aliyemtengeneza aliiunganisha amri ya uso na neno hilo. Neno lisipotoka, picha haibadiliki. Ndiyo maana katika sehemu ya nne yule dalali alishindwa kumtumia kutia saini mkataba kwa sura ya mwenye ukumbi. Alimfungia nyuma ya pazia ageuke kimyakimya, na Mwigo akasema "Nitazame" kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni.

Sababu yangu mimi ni nyingine. Mtu hatoki nyumbani kwake kwenda kuona nyuso mbili; anakwenda kuona moja ikiwa nyingine. Wasanii wa opera ya Sichuan, China, hubadili vinyago vya hariri vilivyochorwa, kimoja baada ya kingine, mbele ya macho ya watu, na ukumbi unapiga kelele kila kinapotoka. Katika bunraku, mchezo wa vikaragosi wa Japani, kipo kichwa cha mwanamke mrembo kinachoitwa gabu. Kamba ikivutwa, mdomo unapasuka hadi masikioni, pembe zinachomoza, macho yanageuka. Kingebadilishiwa nyuma ya pazia kingekuwa vichwa viwili tu.

Na hukohuko bunraku hakuna anayefichwa nyuma ya pazia. Watu watatu wanamshika kikaragosi mmoja, unawaona. Anayewasemea wahusika wote, mzee na binti na askari, ameketi pembeni, unamwona anavyotoka jasho. Bado macho yako yanabaki kwa kikaragosi. Nilidhani hilo ni la Wajapani tu, mpaka siku nilipokuwa nikimsemea bibi mmoja wa kitambaa huku nina kikohozi kikali. Nilikohoa katikati ya maneno, nikamfanya bibi ainame na kushika kifua ili kuficha. Baada ya onyesho mtoto wa kama miaka minne alikuja nyuma ya turubai. Alinitazama nikikohoa. Akamtazama kikaragosi mkononi mwangu. Akatoa leso yake mfukoni, akampa kikaragosi.

Kwa hiyo 37, na sehemu ya 12 ina nyingine mbili.

*Mimi ni mchekeshaji, naishi kwa kuiga sauti za watu wakubwa. Mwigo wa kweli akija nitakula wapi?*

Palepale. Mwigo anaiga sawasawa, na kuiga sawasawa hakuchekeshi mtu. Wewe unachukua ile tabia moja ya mheshimiwa, ile ya kusafisha koo kabla ya kudanganya, unaikuza hadi yeye mwenyewe akose pa kujificha. Mashine inayonakili haijui kipi kinachekesha katika kile inachonakili. Kinachokupasa kuangalia ni sheria, maana zimeanza kuigusa sauti: jimbo la Tennessee, Marekani, mwaka 2024 lilipitisha sheria inayomlinda mtu dhidi ya sauti yake kuigwa bila ruhusa kwa programu za kompyuta.

*Mke wangu alifariki miaka miwili iliyopita. Ninazo rekodi zake kwenye simu, nyingi fupifupi. Mwigo angeweza kusema kwa sauti yake? Na mashine za kweli?*

Pole sana kaka yangu. Barua yako niliiweka chini ya nyingine zote, na kila nilipopunguza rundo nikaikuta tena.

Mashine za kweli, ndiyo. Januari 2023 watafiti wa Microsoft walieleza programu waliyoiita VALL-E, iliyoweza kuiga sauti ya mtu kwa kusikiliza sampuli ya sekunde tatu. Rekodi zako fupi zinaweza kutosha.

Nitakueleza yaliyonipata mimi. Nilikuwa na mwenzangu wa maikrofoni, miaka 19 tulisimama bega kwa bega. Alipokwenda, kilichobaki kwangu ni kaseti moja ya mazoezi. Mwanzoni kabisa, kabla taa nyekundu haijawaka, anageuza karatasi, anasafisha koo, ananiuliza, "Tayari?" Kijana mmoja fundi, kwa moyo mwema kabisa, aliichukua na kunitengenezea sentensi mbili za Mwigo kwa sauti ya huyo mwenzangu. Nilivaa vipokea sauti. Alikuwa yeye. Mkwaruzo wake, uzito wake, ile "r" yake ya kuvingirisha. Kisha sentensi ya pili ilikuwa na jina langu, akalitamka lote, silabi zote, safi. Kwa miaka 19 hakuwahi kulimaliza. Alikuwa akiliacha katikati, kama mtu aliyekumbuka jambo.

Nikamwomba kijana aifute. Sikuambii nawe ufanye hivyo. Wapo watu ambao sentensi ya kwanza ingewatosha. Ila leo hii, kabla hujaamua lolote, zihamishe rekodi hizo kutoka kwenye simu na uziweke mahali pawili tofauti. Simu hufa bila kuaga. Na usizisafishe. Fundi atataka kuondoa kelele za nyuma, mlango, vyombo, mtu anayeita kutoka chumba kingine. Mwambie aache.

Kuhusu Mwigo: kuweza, anaweza. Mtu mmoja anakuja kumwomba jambo hilihili katika sehemu ya 12. Nimeiandika mara tatu, na mara zote tatu Mwigo ametoa jibu tofauti.

Sasa, mjukuu wangu wa miaka 11, kama hukuruka kurasa.

Projekta ikizimwa kinabaki kinyago cheupe. Hakina macho, hakina nyusi, mdomo ni mkunjo mdogo tu. Lakini pua ipo. Ni ileile moja inayonisumbua. Bibi, mtoto, askari na bwana harusi wote wameiazima, na onyesho likiisha wanamwachia mwenyewe.

Kile kichwa changu cha karatasi kipo juu ya kabati, kisogo kimeelekea dirishani. Asubuhi jua likiwa bado chini, mwanga unaingia kwenye tundu nililotoboa, na uso mweupe unawaka kwa ndani, pua ikitupa kivuli kidogo upande mmoja. Inadumu dakika chache. Nilijaribu kuiandika hiyo katika sehemu ya 11, nikaifuta. Ukiona aya imekatika ghafla ukurasa wa mwisho, ilikuwa hapo.